Presha kisimani: Hagedorn & Brown au Beggs & Brill?

BintiShela: Asalaam aleykum wanajukwaa. Niko nyumbani Lamu namalizia mradi wa chuo. Kisima cha mfano kiko wima, mita 2,000, chatoa mafuta, maji na gesi pamoja. Nikikokotoa presha ya kitako cha kisima kwa kanuni mbili za kukadiria presha ya mchanganyiko huo bombani, Beggs & Brill yanipa baa 18 zaidi ya Hagedorn & Brown. Nishike ipi?

MzeeWaVisima: Waaleykum salaam binti yangu. Hagedorn & Brown. Hiyo ya 1965 ilitokana na kisima cha majaribio cha futi 1,500, bomba limesimama wima. Beggs na Brill, 1973, walitumia bomba angavu la futi 90, wakaliinamisha kila pembe, ndani maji na hewa. Kwa kisima wima kanuni yao mara nyingi huzidisha presha. Kikiwa cha mshazari, warudie hao.

Mokowe_1: Mzee, shikamoo. Baa 18 zatoka wapi, na gesi ni nyepesi?

MzeeWaVisima: Marahaba. Hapo ndipo penye kazi. Kwenye kisima wima kama hicho, presha kubwa ni uzito wa kimiminika kilichomo bombani. Msuguano ni mdogo. Gesi hukimbia, mafuta na maji hubaki nyuma, basi bombani mna kimiminika kingi kuliko unavyodhania ukitazama kinachotoka juu. Wapiga mbizi wajua: mita 10 za maji, baa 1. Ukikosea ujazo huo kwa asilimia 10 ya bomba, ni mita 200 za kimiminika. Karibu baa 20! Mafuta ni mepesi kidogo, ndizo 18 zako.

FundiLangoni: Nilifunga mpira angavu ukutani, nikatia maji nusu, nikapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli. Polepole, viputo hupanda kimoja kimoja. Ukikaza mkono huungana, hewa yawa fundo refu linalosukuma maji juu, na mengine yateleza pembeni kurudi chini. Hagedorn & Brown ya asili haitenganishi hali hizo. Duns & Ros ya 1963 yatenganisha. Dada, ijaribu nayo.

MzeeWaVisima: Aijaribu, lakini jina lisimchagulie. Binti, hakuna presha iliyopimwa kwa geji ndani ya kisima?

BintiShela: Ipo, ya mita 1,200, jedwali la mwisho kabisa. Sikuwa nimeitazama. Nazikokotoa zote tatu hadi hapo baada ya Isha, nilete majibu.