Kozi za TEHAMA mtandaoni kwa mwalimu wa Kiswahili: nianze na ipi?

Mwl_KidatoI
Habari za kazi, walimu. Nafundisha Kiswahili Kidato cha Kwanza, wanafunzi 70. Vifaa ni kishikwambi kile cha Sensa na spika moja ndogo. Kozi za mtandaoni ni nyingi mno: slaidi, video, maswali ya papo kwa papo. Bando nalipia mwenyewe. Shida kubwa darasani ni r na l: kalamu/karamu, fahali/fahari, mahali/mahari. Nichukue kozi ipi, na nifanyeje isiishie kwenye cheti?

SautiKwanza
Mwalimu, shida yako ni ya sikio na ulimi, basi chukua kozi ya kurekodi na kuhariri sauti. Slaidi zitasubiri. Kosa la wengi ni kuchagua programu kwanza, kisha kuitafutia somo.

Andaa jozi 10. Kila neno litamkwe mara mbili, halafu kimya cha sekunde 3 wanafunzi waitikie. Kifaa kiwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo pumzi ya p na b itagonga maikrofoni. Usirekodie kwenye darasa tupu la saruji na bati, maana mwangwi wake unafunika hiyohiyo tofauti ya r na l unayoitafuta. Chumba chenye pazia na godoro kinatosha kabisa.

Ukihariri kwa Audacity (programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta), geuza stereo (njia mbili za sauti) kuwa mono (njia moja), kisha hifadhi kama MP3 ya kbps 64. Dakika moja itakuwa kama nusu MB. Ukiiacha WAV ya stereo, dakika hiyohiyo ni kama MB 10, na hapo ndipo bando linapokatikia. Darasani weka spika katikati, usawa wa masikio, na usiipandishe sauti hadi mwisho: ikianza kukwaruza, r na l zinasikika sawa.

KadiNaSwali
Nakubaliana na mwenzangu, ila rekodi peke yake haikuonyeshi nani amesikia. Wakiitikia kwa pamoja, wanaojua huwabeba wasiojua. Ongeza Plickers, programu ya maswali ya papo kwa papo: mwanafunzi hahitaji simu, anashika kadi ya karatasi tu, wewe unaisoma kwa kamera.

Seti ya kawaida ina kadi 40, kwa hiyo wakae wawili wawili: jozi 35, kadi 35. Cheza neno, A iwe "kalamu", B "karamu". Mwanafunzi anageuza kadi hadi herufi ya jibu lake iwe juu. Kadi isiposomeka, mara nyingi kidole kimeziba alama nyeusi, au imefunikwa plastiki inayong'aa na mwanga wa dirisha unarudi kwenye kamera. Chapisha kwenye karatasi ngumu isiyong'aa.

Mwl_KidatoI
Ahsanteni sana. Na cheti?

MratibuMEWAKA
Cheti kitunze, lakini kwenye jumuiya ya kujifunza ya shuleni kwako (vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini) nenda na kazi: rekodi, maswali, na matokeo ya kabla na baada. Wape jaribio la maneno 10 kabla ya kuanza. Rudia baada ya wiki 3, ukibadili mpangilio wa maneno ili wasikariri A, B, B, A. Wenzako wa Kiingereza wataomba rekodi hizo kabla hujamaliza kueleza, maana wanahangaika na r na l zilezile.

Jambo moja linaloangusha walimu wengi wazuri ni saa ya mwisho ya kutuma kazi. Ikiandikwa 23:59 UTC (saa ya kimataifa), kwetu ni saa 8:59 usiku, unayo nafasi. Lakini kozi inayofuata saa za India, 23:59 yake ni saa 3:29 usiku kwetu. Angalia ukanda wa saa kwenye mipangilio ya akaunti yako siku ya kwanza, na kazi yenye sauti anza kuipakia saa moja kabla.