Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kucheza Rogue bila kufa kila baada ya dakika kumi?

Mtoto wa Nkuhungu
Wakuu, mbukwenyi.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, yupo nyumbani anasubiri matokeo. Nimemwekea gemu la mtandaoni la World of Warcraft Classic kwenye laptopu yangu ya zamani, naye kachagua Rogue, yule mpiganaji wa kujificha na kuvizia. Jana usiku nilikaa pembeni yake nikawa nahesabu: kafa mara saba. Waliomuua ni wale wale, majambazi wa Defias wa mashambani Westfall. Kujificha anajua, anatambaa vizuri hadi mgongoni, halafu anamchoma aliyesimama katikati ya wenzake. Yule akikaribia kufa anakimbia kuita msaada, na dogo anamkimbiza. Anarudi na watatu wanamfukuza.

Nilitaka kumwelekeza, maneno yakaniishia, maana sikumbuki mimi mwenyewe nilijuaje. Ninachokumbuka ni mwaka 2019, chumba cha kupanga Area D, madirisha tumefunga kwa ajili ya vumbi, na kaka wa chumba cha pili kasimama nyuma ya kiti changu ananiambia, "Umevaa ngozi wewe, si chuma. Kumbuka umevaa ngozi." Sauti ile imenirudia jana.

Kila mtu aseme alijifunza siku gani na ilimgharimu nini. Nitamsomesha dogo hapa hapa.

Kibaigwa Kwetu
Anayekimbia usimfuate. USIMFUATE. Mengine watasema wenzangu.

Fundi Kizota
Mkuu, kitu cha kwanza mnyang'anye hicho kisu. Nina uhakika anacheza na kisu kwa sababu picha ya Rogue ina visu. Sinister Strike, pigo lake la kawaida, inatazama silaha ya mkono wa kulia ina pigo kubwa kiasi gani, kwa hiyo anataka upanga au rungu linalopiga polepole lenye namba kubwa ya juu. Backstab, pigo la mgongoni, inataka kisu na inataka uwe nyuma ya mtu. Ukicheza peke yako adui anakutazama wewe tu, huo mgongo utaupata saa ngapi?

Mimi nilihangaika na visu mpaka levo 18. Siku niliyoshika upanga nilihisi kama nimebadilishiwa gemu.

Msalato77
Fundi, hapo unampoteza mtoto wa watu. Mgongo unautafuta. Unampiga Gouge, anaduwaa sekunde nne, unazunguka, unachoma. Nimefika levo 40 kwa visu viwili na sijawahi kujuta.

Fundi Kizota
Gouge inakula nguvu 45, Backstab inakula 60. Jumla 105. Mstari wa njano, ule wa nguvu, mwisho wake ni 100. Hesabu hiyo umeifanyia wapi?

Msalato77
Kwani nguvu hairudi? Ukimpiga Gouge unabakiwa na 55. Subiri sekunde mbili, inaongezeka 20, una 75. Unachoma na chenji unabaki nayo. Shida yenu watu wa panga ni haraka. Rogue anayeshindwa kukaa sekunde mbili bila kubonyeza kitu hajawa Rogue bado.

Fundi Kizota
Na pingi yetu ya huku je, ule ucheleweshaji wa mtandao? Seva ipo Ulaya, wewe upo Msalato. Unazunguka nyuma ya mtu, seva inakuona bado upo mbele yake. Mimi namshauri mgeni, simshauri bingwa.

Msalato77
Pingi hapo umesema kweli. Ila visu sitaviacha.

ZabibuTamu
Wakati hawa wawili wanamalizana, dogo ajue jambo moja lililonitesa mimi miezi: zile pointi tano unazokusanya kwa kupiga hazikai kwako, zinakaa kwa adui unayempiga. Ukikusanya nne kwa mmoja ukageuka kumpiga mwingine, zile nne zimekwenda. Nilikuwa nagawa mapigo kwa wote kama mama anayepakua chakula, kila mtu kidogo kidogo, halafu nashangaa Eviscerate yangu, pigo linalotumia hizo pointi, haiumi. Maliza mmoja kwanza.

Pia ajifunze kupika mapema. Kuna chai ya Rogue peke yake, Thistle Tea. Nyumbani tunaiita chai ya mbigili. Ukinywa mstari wa njano unajaa wote papo hapo. Imeniokoa mara nyingi kuliko silaha yoyote niliyowahi kushika.

Bandari Salama
Mwambieni achague Mage, yule mchawi, aache mateso. Anasimama mbali, anagandisha watu, anajitengenezea mpaka maji ya kunywa.

Kibaigwa Kwetu
Kaka wa pwani, mada ni Rogue.

Mzee wa Makole
Vijana wangu, mimi sichezi, mjukuu wangu ndiye kanionyesha. Nimesikia kuna kitufe cha kuchomolea watu mifukoni. Mtoto katoka shule juzi, badala ya kumtafutia shughuli mnakaa kumfundisha ukibaka?

ZabibuTamu
Shikamoo mzee. Kitufe kipo, kinaitwa Pick Pocket. Hakimgusi mchezaji mwenzako hata kidogo. Kinawachomolea maadui wa ndani ya gemu, hao hao majambazi walioteka mashamba ya wakulima.

Mzee wa Makole
Marahaba. Lakini hilo jina kwa Kiswahili ni nini kama si mwizi?

Msalato77
Mjanja.

Fundi Kizota
Mhuni. Wenyewe waliandika mhuni, tusiwapambie.

Mtoto wa Nkuhungu
Shikamoo mzee. Sisi nyumbani tunasema mnyemeleaji.

Mzee wa Makole
Marahaba mwanangu. Mnyemeleaji nitamkubali. Nimekaa miaka kule Kwa Mtoro kwa Wasandawe, watu wa upinde na mshale wa sumu. Mzee mmoja alinichukua porini mara moja tu, hakunichukua tena. Alikuwa anaokota vumbi, analiachia, anatazama linakwenda wapi. Mimi namtazama swala, yeye hamtazami swala kabisa, anatazama upepo na njia tuliyokuja nayo. Tulipomkaribia mnyama nilikanyaga kijiti, akatoka mbio. Mzee hakunigombeza. Alisema tu kwamba mimi nilikuwa naona nyama na yeye alikuwa anaona pori.

Kama huyo mnyemeleaji wenu ana sumu na anatambaa, basi mfundisheni hivyo.

Kibaigwa Kwetu
Mzee hachezi na kasema kitu kuliko sisi wote.

Dada Ihumwa
Nimesoma hilo la mzee nikafunga simu, nikaifungua tena. Ngoja niandike, sijawahi kulisema.

Nacheza Hardcore, zile seva zilizofunguliwa Agosti 2023. Ukifa umekufa, hakuna kumrudisha. Nilikuwa na Rogue wa levo 33. Miezi minne, usiku baada ya kazi, watoto wakishalala. Sikuwa nakimbilia levo, nilikuwa naye tu. Nilijua kila kifundo cha nguo yake.

Usiku huo nipo Stranglethorn, kambi ya Kurzen. Wapiganaji wawili na mganga wao mmoja. Nilipanga vizuri: mpiganaji wa kulia nikampiga Sap ya kumzimisha kwa muda, nikarudi kwa mganga, maana huyo ukimwacha anaponya wenzake mpaka uchoke. Akianza kusoma dawa namkatiza kwa Kick. Yule wa tatu nikambana na Evasion, ya kukwepa mapigo. Kila kitu kinakwenda, damu yangu ipo zaidi ya nusu. Mganga kaanguka.

Umeme ukakatika.

Laptopu ina betri, haikuzima. Ruta ndiyo ilizima. Nilibaki naitazama skrini, mtu wangu kaganda mkono juu, mpiganaji naye kaganda. Nikawasha hotispoti ya simu, vidole vinanitetemeka hadi nikakosea neno la siri mara mbili. Nje ujirani mzima kimya, mbwa tu. Nikaingia.

Nilikuwa hai.

Damu ilibaki kidogo sana, kama pigo mbili hivi, lakini hai. Mpiganaji mmoja yupo hatua chache, wa Sap alikuwa ameamka. Wakageuka wote. Na mimi nilijua nifanye nini, hili nililifanya mara kumi kabla: Vanish, natoweka, naondoka natembea. Nikabonyeza.

Ikaniandikia sina poda.

Vanish inatumia poda, Flash Powder, moja kila unapotoweka. Yangu ya mwisho niliitumia nusu saa nyuma, kutoroka ugomvi ambao ningeweza kuumaliza kama ningekuwa na subira. Niliona mfukoni hakuna kitu. Nikasema nikimaliza kambi hii nitarudi mjini kununua. Ni safari ya dakika chache na poda yenyewe ni bei ya bure. Nikaona uvivu.

Nikabonyeza Sprint ya kukimbia kasi, nayo ilikuwa bado inapoa, niliitumia kuingia. Nilikimbia kwa miguu hadi kwenye miti. Pale pale kwenye miti.

Nikawaandikia wenzangu kwenye kundi: umeme umekatika, nimekufa. Wote wakaniambia pole, umeme huu, umeme huu. Mwaka mzima nimekuwa nikisema umeme ndio uliomuua. Umeme ulinirudisha nikiwa hai. Sikuwa na poda.

ZabibuTamu
Pole sana dada yangu.

Kibaigwa Kwetu
Nimesoma nimesimama kituo cha daladala, gari limenipita.

Bandari Salama
Pole dada. Nafuta lile la Mage, halikuwa mahali pake.

Fundi Kizota
Dada Ihumwa pole. Kwa wengine: wekeni UPS ndogo kwenye ruta. Ruta inakula umeme kidogo mno, hata betri ndogo inaishikilia muda mrefu. Nawafungia watu kila wiki.

Msalato77
Na mimi nasema achana na ruta, cheza na bando la simu moja kwa moja. Gemu lenyewe halili bando kubwa, linalokula ni masasisho.

Fundi Kizota
Bando jioni linakwama huku kwetu.

Msalato77
Kwako Kizota. Msalato halikwami.

Mpwapwa Juu
Mnabishania ruta na dada kasema si ruta. Rudieni kusoma.

Mimi baada ya kusoma nimefungua mtu wangu nikatazama mfuko. Poda tatu. Levo 51. Nimekuwa nikitembea na tatu na najiona salama. Tena hata ukiwa nayo, pigo lililokwisha kurushwa linaweza kukufuata na kukutoa mafichoni, kwa hiyo usingoje damu ifike tone la mwisho ndipo utoweke. Toweka mapema. Vanish ikishatumika inapoa dakika tano, na hizo dakika tano ujihesabu ni mtu mwingine kabisa, mtu asiye na mlango.

Dogo, kabla hujachoma mtu jiulize ukigundulika utatokea wapi. Mimi hugeuza kamera kwanza, nione nyuma yangu kuna nini, ndipo nisogee.

Dada Ihumwa
Asanteni. Nimefungua mwingine tangu Februari. Yupo levo 19. Sina haraka naye.

Mzee wa Makole
Binti, pole. Huyo wa kwanza uliishi naye vizuri.

Dada Ihumwa
Ahsante baba.

Makulu Usiku
Samahani nimechelewa. Kwa dogo: Sap haifanyi kazi kwa wanyama, ni kwa walio mfano wa watu tu, na ni kabla vita havijaanza. Nilijifunza kwa nguruwe. Pia atembee na bandeji. Anampiga Gouge, anarudi nyuma hatua mbili, anajifunga bandeji wakati mtu kaduwaa. Hatamaliza kujifunga, ila hata nusu inatosha kugeuza ugomvi.

Mtoto wa Nkuhungu
Wakuu, nimemsomesha dogo yote usiku huu. Alicheka kwenye visu na panga, kwa dada Ihumwa akanyamaza kabisa.

Baadaye namwona hayupo mashambani. Kamwondoa mtu wake Westfall, yupo mjini Stormwind anazunguka vichochoroni. Namwuliza unatafuta nini? Anasema duka la poda. Nikamwambia wewe upo levo 12, Vanish inaanza levo 22. Akasema anajua. Anataka kuona lilipo.

Dada Ihumwa
Mwambie mtaa wa Old Town, jengo la SI:7. Aulize humo humo ndani.