Parokia inaanzisha tuzo ya huduma kwa jamii jijini Mwanza: majina yapatikaneje, na nani ahakiki?

Mjumbe wa Walei
Tumsifu Yesu Kristo. Halmashauri Walei ya parokia yetu hapa Mwanza imekubali kuanzisha tuzo ya kila mwaka kwa mtu au kikundi kinachohudumia watu wa jiji, awe Mkatoliki au asiwe. Paroko ameridhia. Tunafikiria kuitoa Siku ya Maskini Duniani. Naomba mwongozo: majina yapatikaneje bila kuishia kwa wale wale wanaojulikana? Kamati iwe na watu wangapi? Zawadi iwe fedha au kitu? Na wapo wanaosema Mathayo 6 inakataza jambo hili, tuwajibu nini?

Katibu wa Kigango
Milele amina. Siku mmeichagua vizuri. Papa Fransisko aliiweka Jumapili ya 33 ya Mwaka, wiki moja kabla ya Kristo Mfalme, na iliadhimishwa mara ya kwanza 2017. Kwa 2026 ni Novemba 15. Hesabuni kurudi nyuma: fomu zitoke mwanzoni mwa Julai, zifungwe Agosti 31, Septemba yote iwe ya uhakiki, kamati ikae wiki ya pili ya Oktoba. Uhakiki ukibanwa mtaishia kupiga simu, na kwenye simu kila huduma ni nzuri.

Kuhusu majina, msitangaze kanisani tu. Mkifanya hivyo mtaletewa mwalimu wa kwaya, mwenyekiti wa jumuiya na mfadhili wa jengo. Hao wanatumikia parokia, na wanastahili shukrani yao, ila si tuzo hii. Pelekeni fomu kwa wenyeviti wa mitaa, maafisa maendeleo ya jamii wa kata, waganga wafawidhi wa zahanati, walimu wakuu, makanisa jirani na misikiti. Halmashauri ya jiji ina orodha ya vikundi vilivyosajiliwa kwa ajili ya mikopo ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Iombeni, lakini msiitegemee peke yake: mama anayewapelekea uji wagonjwa wasio na ndugu hospitalini hayumo humo.

Fomu iwe ukurasa mmoja. Anafanya nini, wapi, tangu lini, kwa akina nani. Chini kabisa yawekwe majina ya watu wawili waliohudumiwa, wasio ndugu zake, waliokubali kuulizwa. Anayependekeza aandike jina lake na asaini.

Jambo moja husahaulika: andikeni "jiji" maana yake nini. Kiutawala Jiji la Mwanza ni Nyamagana. Ilemela ni manispaa inayojitegemea. Msipoamua mapema, mtu wa Kirumba au Buzuruga atapendekezwa, atahakikiwa, halafu mjumbe mmoja atasimama kikaoni kusema hayumo. Mimi ningechukua zote mbili, maana watu wanaishi upande huu na kuhudumia ule.

Mhakiki
Hapo kwenye uhakiki ndipo tuzo nyingi huharibika, kwa sababu kamati huwauliza viongozi badala ya waliohudumiwa. Someni Matendo 9: Petro alipofika Yafa, wajane walimwonyesha kanzu na nguo alizozishona Dorkasi. Ushahidi ulikuwa mikononi mwao.

Kwa hiyo nendeni wawili wawili, siku ya kawaida ya huduma, bila taarifa ya wiki nzima kabla. Kama analisha watoto, tazameni ukubwa wa sufuria na idadi ya sahani kisha mlinganishe na idadi ya watoto iliyoandikwa kwenye fomu. Ombeni daftari la manunuzi. Muulizeni muuza kuni au mwenye duka la unga ananunua mara ngapi kwa wiki. Fomu ikisema watoto 80 na sufuria inatosha 25, si lazima mtu awe mwongo. Mara nyingi aliyependekeza ndiye aliyekuza. Rekebisheni idadi, msimtupe mtu.

Anayelea watoto nyumbani kwake kama kituo, muulizeni leseni. Makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii anajua nani anayo. Kama hana, msimpe tuzo mwaka huo hata kama moyo wake ni mzuri. Msaidieni kuitafuta.

Picha na majina ya wanaohudumiwa yahitaji ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya ni nyeti zaidi. Mtu anayehudumia waishio na VVU asipigwe picha akiwa nao, basi. Fomu za walioshindwa ziteketezwe baada ya tuzo.

Mweka Hazina
Kamati saba: wanne wa parokia, watatu wa nje, angalau mmoja asiwe Mkatoliki. Mjumbe mwenye undugu au biashara na aliyependekezwa atoke nje jina hilo linapojadiliwa, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba alitoka.

Alama 100: matokeo kwa wanaohudumiwa 40, muda wa huduma 25 (chini ya miaka mitatu asipokelewe kabisa), kujitolea bila malipo 20, uwezekano wa kuendelea 15. Kila mmoja ajaze peke yake kabla ya mjadala. Kisha ondoeni alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kila jina, mchukue wastani wa tano zilizobaki. Bila hivyo, mjumbe mmoja akimpa rafiki yake 100 na wengine 10, ameshaamua matokeo.

Wanasiasa na waliotangaza nia wasipokelewe. Msilione hili dogo: 2024 Siku ya Maskini ilikuwa Novemba 17 na uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 27, siku 10 tu baadaye. Uchaguzi huo huja kila baada ya miaka mitano.

Zawadi naona iwe kitu cha kuendeleza huduma yenyewe: sufuria, magodoro, cherehani, kiti cha magurudumu. Mchangiaji wa zawadi asikae kwenye kamati na jina lake lisiwe kwenye ngao atakayopewa mshindi.

Mkatekista
Sikubaliani kabisa na mweka hazina kuhusu kitu badala ya fedha. Muulizeni mwenyewe anahitaji nini. Kikundi chenye sufuria tatu hakihitaji ya nne, huenda kinadaiwa kodi ya chumba. Lipeni kwa mwenye chumba, mchukue risiti.

Mathayo 6 inamwonya anayetoa asijipigie tarumbeta. Haiwakatazi wengine kumshukuru. Paulo katika Warumi 16 anamtaja Fibi wa Kenkrea kwa jina, kwamba amekuwa msaidizi wa watu wengi. Lakini mheshimuni anayekataa: mwombeni idhini kabla ya kuchonga ngao, na akisema hapana msimtaje.

Tuzo itolewe baada ya sala ya baada ya Komunyo, kabla ya baraka ya mwisho, dakika tano, bila hotuba ya pili. Ngao: jina aliandike mwenyewe kwa herufi kubwa, fundi atume nakala ya kuangalia kabla ya kuchonga kwa leza. Kilichochongwa hakifutiki.

Mjumbe wa Walei
Asanteni sana, nitapeleka kikaoni. Je, mshindi anaweza baadaye kuombewa Benemerenti, medali ya heshima inayotolewa na Papa?

Katibu wa Kigango
Anaweza, ila hiyo ni njia nyingine. Paroko anaandika kwa askofu akieleza maisha na huduma ya mhusika. Askofu akiridhika anapeleka ombi kupitia Ubalozi wa Papa, Dar es Salaam, na uamuzi hutoka Sekretarieti ya Vatikani. Msimwahidi mtu wala msimwambie kabla ya jibu. Faili lenu la uhakiki litamsaidia paroko kuandika, kwa hiyo la mshindi litunzeni.