Tupeane uzoefu: Mgonjwa wako alipoanza kubadilika wodini, nani aliona kwanza?

Mlezi wa Kondele
Jana jirani yangu aliniambia kwa furaha kwamba mamake, aliyelazwa, "amelala vizuri tangu saa nane", nami nikashtuka, kwa kuwa ndivyo nilivyosema kuhusu baba saa chache kabla hajakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Wenzangu, ninyi mliona nini?

Nesi wa usiku, Nakuru
Nilikuwa na wagonjwa 38 peke yangu, akiwemo kijana aliyepasuliwa tumbo siku mbili awali. Saa nne presha yake ilikuwa 118 kwa 70, nikaridhika. Kwenye chati, safu ya kupumua ilisomeka 20, 20, 20 tangu asubuhi, nami nikaongeza 20 yangu bila kuhesabu. Saa saba aliniomba nimfungulie dirisha, ilhali baridi ya Nakuru usiku ule ilikuwa ya kutetemesha. Hapo ndipo nilipoketi kando yake na saa mkononi, nikahesabu dakika nzima: 34. Mapigo yalikuwa 132, na mkojo katika mfuko ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Daktari alikuja, akamrudisha thieta, wakakuta usaha tumboni. Alipona. Mwili wa kijana hujitetea kwa pumzi na mapigo muda mrefu kabla presha haijashuka, na mimi nilikuwa nikitazama presha.

Mkazi wa Bondo
Hiyo 20 ya kunakili naijua mno.

Binti wa Kakamega
Samahani dada, lakini sisi tulimwambia nesi mara tatu kwamba mama anaongea yasiyoeleweka, tukajibiwa kuwa ni uzee.

Nesi wa usiku, Nakuru
Kabla hujatuhesabia makosa, hesabu kwanza vitanda.

Afisa wa kliniki, Kisumu
Msigombane. Katika NEWS2, kipimo cha alama za kutambua mgonjwa anayezidiwa kilichotolewa Uingereza mwaka 2017 (alama zikipanda, hatari inapanda), kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla hupewa alama 3, sawa na kupumua mara 25 au zaidi kwa dakika. Binti alikuwa na haki ya kusikilizwa.

Mama Pacha
Mimi nilikuwa nimejifungua, watu wote wamewazunguka watoto, nami nahisi kiu na baridi nikidhani ni uchovu. Wifi yangu peke yake ndiye aliyeinua blanketi, akakuta leso mbili zimeloa damu chapachapa, akapiga ukemi hata mlinzi wa getini akaja mbio. Niliongezewa damu usiku uleule.

Mkazi wa Bondo
Wifi huyo ana dada ambaye hajaolewa?

Mzee wa Siaya
Basi dawa ni kelele.

Afisa wa kliniki, Kisumu
La, mzee, kelele za kila saa huzoeleka. Sema kilichobadilika na tangu lini, na usipojibiwa mtafute msimamizi wa wodi.

Binti wa Kakamega
Au mnunue kile kifaa cha kubana kidole, kinachopima oksijeni kwenye damu.

Mlezi wa Kondele
Cha baba kilisoma asilimia 84, chini mno, kwa sababu tu vidole vyake vilikuwa baridi, na siku aliyozidiwa kweli tukadhani ni vidole tena. Kuhusu jirani, nimempigia sasa hivi nikamsihi amwamshe mamake. Ameamka, anapumua mara 18, na anataka kujua ni nani aliyemkatizia usingizi.