Land Cruiser mkonga ya 1994: usukani unatikisika na tairi la mbele linatema uji mweusi. Naomba ushauri kabla sijafungua mwenyewe

Mkulima wa Mpimbwe

Wakuu, habari za kazi. Nina Land Cruiser mkonga, HZJ75 pikapu ya 1994, injini 1HZ. Inabeba mpunga na pembejeo kati ya shamba na Mpanda mjini. Injini haina neno, asubuhi inawaka mara moja na haili oili. Shida iko mbele.

Kwanza usukani. Nikiwa kwenye 60 au 70, tairi moja likigonga shimo, mbele kote kunaanza kucheza kushoto kulia, usukani unapigana na mikono, na haitulii mpaka nipunguze mwendo karibu na kusimama. Pasipo na shimo inakwenda sawa tu.

Pili, tairi la mbele kulia limelowa kwa ndani. Lile tufe la chuma nyuma ya tairi, linaloonekana ukikata kona, linatema uji mweusi unaochuruzika mpaka kwenye rimu.

Fundi mmoja hapa mjini kasema ninunue shokapu mpya ya stering (ile ya kupunguza mtikisiko wa usukani), na kwamba dawa ya uvujaji ni ekseli nzima ya mtumba. Bei aliyotaja inameza mavuno ya msimu. Nina spana za kutosha, jeki ya tani 5, na shemeji yangu ni mchomeleaji. Breki na taimingi beliti ya gari hii nilibadilisha mwenyewe. Je, kazi hii ya mbele inafanyika nyumbani? Nianzie wapi?

Vumbi la Singida

Pole mkuu. Anza na balansi ya tairi. Kama bado una rimu za pete na tairi za 7.50R16, hizo zikiliwa vibaya zinatikisa sana. Halafu weka shokapu ya stering, mimi niliweka na gari ikatulia.

Spana ya 54

Vumbi, kwa heshima, hapo kwenye shokapu sikubaliani nawe. Shokapu ya stering inaficha ugonjwa. Land Cruiser iliyokazwa vizuri mbele inatembea bila kutikisika hata ukiichomoa hiyo shokapu. Ukiweka mpya wakati kitu kimelegea, kinaendelea kulegea kimyakimya mpaka siku kinaachia.

Mkulima, ndiyo, kazi inafanyika nyumbani. Na naona matatizo yako mawili yanakaa nyumba moja. Ndani ya lile tufe mna sivijointi, kiungo kinachozungusha tairi hata ukikata kona, inayoishi kwenye grisi. Kati yake na difu, yaani gia za katikati ya ekseli, kuna sili moja tu ya shafti, raba ya kuzuia oili. Sili ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye tufe, inayeyusha grisi, na mchanganyiko unatoka nyuma kupitia raba na fulana (pete ya kitambaa kizito) ya kufutia tufe. Ndiyo huo uji. Chukua kidogo kwenye vidole: kikiwa chepesi na kinanuka ukali wa oili ya difu, jibu umelipata.

Humohumo juu na chini ya tufe ndimo zinamokaa beringi za kingipini, zile ambazo nyumba ya tufe inageukia ukikata kona. Zikioshwa na uji kwa muda mrefu na kupigwa na barabara za vumbi, zinachimbika na kulegea, na hapo ndipo usukani unapoanza kupigana.

Usinunue chochote kabla hujapima. Inua mbele, iweke juu ya stendi za chuma, siyo jeki peke yake na siyo matofali. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie shemeji akanyage breki, urudie. Mchezo ukipotea, ni beringi za hab, kitovu kinachobeba tairi. Ukibaki vilevile, ni kingipini. Kisha shika kushoto na kulia, utasikia tairodi endi, zile jointi za ncha za fimbo ya stering. Shusha gari chini, shemeji azungushe usukani huku na huku kidogokidogo, wewe weka kiganja juu ya kila jointi moja moja. Iliyokufa unaisikia inagonga mkononi. Pitia pia bushi za springi, yuboti zinazofunga springi kwenye ekseli, na bolti zinazoshika stering boksi kwenye chesesi.

Na hili nakuomba ulifanye leo kabla gari haijatoka tena: mkono wa stering unashikwa kwenye nyumba ya tufe kwa nati nne zenye washa za koni. Barabara za viwimbi huzilegeza. Zikilegea, stadi (bolti zinazoshika nati hizo) zinakatika, na mkono ukiachia huna usukani. Zikague pande zote mbili. Ukiona kutu nyekundu kama unga inatoka pembeni ya nati, tayari kuna kitu kinacheza hapo.

Dereva wa Kreta

Niko Arusha, gari za safari ndiyo maisha yangu. Kabla ya kulaumu sili, tazama kipumulio cha difu ya mbele, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Tope likikiziba, oili ikipata moto hewa ndani inapanuka na haina pa kutokea, inasukuma oili kupita kwenye sili hata kama ni nzima. Unaweka sili mpya leo, baada ya mwezi inavuja tena, unamlaumu aliyekuuzia.

Wewe unavuka vijito huko. Ekseli ya moto ikiingia kwenye maji baridi inavuta, na kama pa kuvutia hewa pamezibwa inavuta maji kupitia sili. Fungua nati ya juu ya difu uchungulie. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwage yote. Sisi tunaunganisha mpira mwembamba kwenye kipumulio na kuupandisha juu kwenye injini. Gharama yake haifiki bei ya sili moja.

Mkulima wa Mpimbwe

Asanteni sana wakuu. Nimepima jana na shemeji. Kipumulio kilikuwa kimezibwa kabisa, nimekitoa kwa waya tope kavu kama saruji. Oili ya difu siyo ya maziwa, ila imepungua sana. Tairi la kulia linacheza juu na chini, na breki ikikanyagwa mchezo haupotei. Kushoto ni kidogo. Tairodi endi moja inagonga. Nati za mkono wa stering kulia, mbili zilizunguka kwa spana bila nguvu. Nimezikaza kwa muda na gari nimeiegesha.

Naomba hatua za kufungua.

Spana ya 54

Umefanya vizuri kuiegesha. Basi ni kingipini, sili, na tairodi endi. Fanya pande zote mbili hata kama kushoto hakujavuja bado.

Toa tairi, toa kaliper na uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wa breki. Toa loki ya hab, ile inayounganisha hab na shafti. Stadi zake zina washa za koni zinazogoma: usichokonoe kwa bisibisi, gonga ubavu wa hab kwa nyundo ya shaba na zitaruka zenyewe. Toa kiringi cha kwenye ncha ya shafti. Nyoosha washa ya kufungia, na hapo unakutana na nati ya milimita 54. Mafundi wengi wanaipiga kwa tindo. Usifanye hivyo, vipande vya chuma vinaingia kwenye beringi. Kama soketi yake haipatikani Mpanda, shemeji atakuchomelea moja kutoka kwenye bomba nene.

Vuta hab, kinga beringi ya nje isidondoke mchangani. Toa spindo, ule mhimili ambao hab inazunguka juu yake; huwa imeshikana, igonge kuizunguka kwa nyundo ya plastiki taratibu. Vuta shafti pamoja na sivijointi yake, uwe na beseni chini maana uji wote utamwagika hapo. Toa raba na fulana za nyuma, kisha mikono ya juu na ya chini.

Sasa sikiliza hapa. Chini ya hiyo mikono kuna vibati vyembamba, shimu. Ndizo zinazopanga beringi za kingipini zikae kwa mkazo gani na tufe likae katikati. Za juu kulia ziweke kwenye mfuko wake, za chini kulia kwenye mfuko mwingine, andika kwa kalamu. Zikichanganyika utahangaika sana kurudisha. Ukifunga beringi mpya na shimu zilezile, nyumba ya tufe inatakiwa izunguke kwa uzito fulani bila kukwama. Ikizunguka bure kama bawaba ya mlango, mkazo hautoshi, punguza shimu.

Osha kila kitu kwa dizeli, kausha. Vikombe vya zamani vya beringi (pete za nje ambazo beringi inakalia) vitoe kwa fimbo ya shaba na uweke vipya, usiweke beringi mpya kwenye kikombe cha zamani. Sili mpya ya shafti isukume kwa kipande cha bomba kinacholingana, iingie sawasawa pande zote, mdomo wake uelekee difu, upake grisi. Wakati wa kurudisha shafti, ibebe kwa mikono miwili. Ukiiacha ilale juu ya sili, meno yake yanaikata mdomo na kazi yote imekwenda bure kabla hujawasha gari.

Sivijointi ijaze grisi ya molibdenamu mpaka itoke upande wa pili, na tufe lijaze kama robo tatu. Beringi za hab: kaza nati ya ndani huku unazungusha hab, legeza, kaza tena kidogo, halafu rudisha washa ya kufungia na nati ya nje. Difu ijaze oili ya GL-5, 80W-90.

Mekanika wa Kirinyaga

Salamu kutoka Nairobi. Hapa barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, vifaa hivi vinauzwa kama seti nzima: sili, raba, fulana, gasketi na beringi za kingipini za upande mmoja. Gerezani kule Dar pia utapata. Angalia beringi kwanza, maana seti nyingi za bei ya chini zina sili nzuri na beringi mbovu. Ikibidi nunua beringi peke yake za Koyo au NSK.

Halafu kagua sivijointi ukishaiosha. Kama ilikuwa inalia ka-ka-ka ukikata kona huku loki za hab zimefungwa na gari inavuta kwa tairi zote nne, njia zake zimechimbika upande unaobeba mzigo ukienda mbele. Wengine tunahamisha ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia, ili upande ambao haujaliwa ndio ubebe. Shafti za ndani hazilingani urefu, kwa hiyo unatenganisha sivijointi na shafti kwanza.

Mkulima wa Mpimbwe

Wakuu, nimefungua upande wa kulia. Beringi ya chini ya kingipini imekuwa vipande, na kikombe kina alama za mistari naweza kuzihesabu kwa kucha. Sivijointi ni nzima. Ila shafti, pale sili inapokaa, ina mfereji unaoshika kucha. Tufe nalo lina kutu za vishimo upande wa mbele. Pedi za breki zimelowa oili. Seti inakuja na basi kutoka Dar.

Spana ya 54

Huo mfereji ni wa kawaida kwa gari ya umri huo. Usibadilishe shafti. Mdomo wa sili ukirudi kwenye mfereji uleule utavuja, kwa hiyo sili mpya isukume isifike kina kilekile cha zamani, iishie milimita moja au mbili kabla, mdomo upate sehemu safi. Hakikisha tu imekaa sawa na haipandi upande mmoja.

Tufe lipige msasa laini na dizeli. Vishimo vidogo havina shida, ila kingo zake kali ndizo zinazokula raba, zilainishe mpaka kidole kisikwame.

Pedi tupa. Watu wanazichoma kwa petroli zikauke, lakini oili imeshaingia ndani na zitavuta gari upande mmoja ukifunga breki. Nunua za pande zote mbili, disiki uifute kwa petroli na kitambaa safi.

Stadi za mkono wa stering kulia, kwa kuwa zilikuwa zimelegea, toa zote nne uweke mpya, na washa za koni mpya. Zikaze kwa spana ya kupimia mkazo, azima hata kwa siku moja. Ukishafunga pande zote mbili tembea na gari bila mzigo, irudishe ikapoe, kisha zikaze tena zote kabla hujapakia mpunga.