Mrejesho: ile krimu ya projesteroni

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kama niendelee na krimu ya projesteroni asilia huku nikitumia estrojeni (zote mbili ni homoni za kike) kwa ajili ya joto la ghafla la kukoma hedhi. Mlinihimiza nimwone daktari wa wanawake; nimekwenda. Kumbe projesteroni ya kupaka haitegemewi kuulinda ukuta wa kizazi, na estrojeni ikiunenepesha bila kinga, saratani inaweza kufuata. Mwenye kizazi anayetumia estrojeni asilipuuze hili, tafadhali! Nimepimwa kwa ultrasaundi, ukuta uko salama. Sasa nameza projesteroni usiku, maana huleta usingizi. Tena krimu yangu ilikuwa ya viazi vikuu vya porini. Diosijenini, kemikali iliyomo kwenye viazi hivyo, hugeuzwa projesteroni maabara, si mwilini. Asanteni mno, mmeniokoa.