Naomba ushauri: rekodi zangu za ndege zitafaa kutetea bustani?

Habari zenu wapenda ndege, na shikamooni wakubwa.

Kwa miaka 4 nimekuwa nikiangalia ndege kwenye bustani ya umma katikati ya mji, karibu kila Jumamosi alfajiri. Sasa kuna mpango wa kukata sehemu ya miti ili lijengwe jengo la maegesho. Muda wa kutoa maoni umebaki siku 16.

Orodha zangu zote ziko eBird (mtandao wa kuhifadhi rekodi za ndege), zenye saa ya kuanza, muda na idadi. Shida ni kwamba nilizichukua nikitembea, si kwa kusimama kituo kimoja dakika 10 na kuhesabu. Tena nilipenda zaidi upande wa bwawa, kwa hiyo kule kwenye miti inayotaka kukatwa nina rekodi chache. Na huko ndiko kigong'ota ametoboa tundu kwenye shina lililokufa. Juzi nimemwona akitoka na kifuko cheupe cha kinyesi mdomoni, maana yake ndani kuna makinda. Roho iliniuma sana.

Nimewaandikia mara 2 wanaofanya tathmini ya athari kwa mazingira, kimya. Ukaguzi wao ulifanyika mchana, wakati ndege wengi wametulia.

Je, nianze kuhesabu upya kwa vituo, au niwasilishe nilizonazo na kueleza upungufu wake? Na lile tundu, nitaje lilipo hasa au nitamponza? Aliyewahi kupitia haya naomba anielekeze.